Siku Niliyomfungia Ouko Mlango

Jumatatu, mwezi wa nne. Mvua imeanza alfajiri, na saa nne bado inanyesha. Barabara ya Masara ni tope tupu. Ndivyo daftari langu la zamani linavyosema, mwanangu, na nikilisoma siku ile inanirudia yote, ingawa ningependa kukumbuka nyingine.

Ilikuwa miaka ya tisini. Baraza la mji wetu hapa Migori lilikuwa limetenga fungu dogo, la majaribio, la kuwafuata walevi sugu majumbani na mangweni wanakonywea, badala ya kungoja askari wawakamate. Wanawake watatu tuliajiriwa tutembee Suna na Masara, tuzungumze nao, tuwapeleke kwa Mzee Sospeter, tabibu mstaafu aliyekuja mara moja kwa wiki. Mimi nilikuwa mfagiaji wa soko, niliishia darasa la saba, nimeolewa huku kutoka Kisegi. Kwa nini walinichagua, sijui hadi leo. Labda kwa sababu niliwajua walevi wote kwa majina. Kila asubuhi nilifagia nikiwazunguka.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa Ouko, mchimba dhahabu. Zamani hakuna aliyemshinda kushuka shimoni. Sasa alikunywa chang'aa kabla ya uji. Mkewe, Consolata, hakuacha mzaha hata katika shida. "Nyar Kisegi," aliniambia, yaani binti wa Kisegi, "ukimponya huyu nitakuita mama mkwe. Ukishindwa, mchukue ukae naye wewe."

Mzee Sospeter alikuwa ametuonya: mtu wa namna hii asiachishwe ghafla, aletwe kwanza amwone. Lakini baraza lilikuwa likae mwisho wa mwezi kuamua kama kazi yetu iendelee au ife, nami nilitaka kusimama pale na mtu mmoja aliyepona, amevaa shati safi. Basi nikafanya kama tulivyozoea kanisani kwetu. Siku ya Sabato nilimleta Ouko mbele ya waumini, akaapa kuacha, tukaimba, tukamwombea. Kisha mimi na ndugu zake tukamfungia chumbani, na maji na uji tu. Ufunguo nikauvaa shingoni. Sospeter sikumwambia. Nisiwaonee wengine: Ouko mwenyewe alikubali, na waumini walikuwa na nia njema. Aliyeonywa akanyamaza ni mimi.

Jumatatu ile Consolata alikuja sokoni mbio, amelowa chapachapa. Ouko alikuwa anatetemeka, anagombana na watu wasiokuwapo. Nilipofika na kufungua mlango, alikuwa ameanguka, mwili umekakamaa, povu mdomoni.

"Ni chira," akasema kaka yake mkubwa. "Ameapa, lakini moyoni anaitamani."

Chira, mwanangu, ni balaa linalompata mtu aliyevunja mwiko. Wakaanza kupanga kumpeleka kwa mganga wa mitishamba ng'ambo ya mto. Nami, naona aibu kuandika hili, nilitamani iwe chira kweli. Ingekuwa chira, isingekuwa mimi.

Jirani alikuwa amemwita Sospeter. Alifika akisukuma baiskeli, matope hadi magotini.

"Nani alimfungia?"

"Ni mimi, mzee," nikasema.

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema asiachishwe ghafla."

"Kumbe ulisikia. Ningefurahi zaidi ungekuwa kiziwi."

Hakupaza sauti. Alimgeuza Ouko alale ubavu, akatugeukia. "Hakuna laana hapa. Mwili uliozoea pombe miaka yote umenyang'anywa siku moja. Na hii inaua. Tafuteni gari!"

Tukapata pikapu ya kubebea mawe ya dhahabu. Ilikwama mara mbili, na wale wale ndugu waliosema chira ndio waliokuwa wa kwanza kushuka kusukuma. Ouko akafika hospitali akiwa hai, akalazwa, akapona.

Siku ya baraza ikafika. Karani akaninong'oneza, "Mama, andika tu kwamba mgonjwa mmoja amelazwa. Wakijua zaidi, wataifunga hii kazi." Nikaandika hivyo. Kisha nikaichana karatasi, nikasimama, nikasema yote, nikaomba fungu liongezwe.

Kansela mmoja, diwani wa baraza, akanitazama juu ya miwani. "Kwa hivyo ulikaribia kumuua, na sasa unataka tuongeze?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Tabibu awe anakuja kila siku, na kuwe na gari la kuwapeleka hospitali."

"Gari! Walevi wabebwe kama maharusi!"

Ukumbi ukacheka. Ulimi wangu ukakauka. Ndipo Consolata akasimama kwenye viti vya wananchi, bila kuitwa.

"Mheshimiwa, wakati wa kura ulimbeba Ouko wangu kwa lori mpaka uwanjani, amelewa chakari, anakuimbia. Siku hiyo hukuuliza anabebwa kama nani."

Ukumbi ulilipuka. Na kusema haki, yule kansela alicheka mpaka akavua miwani kupangusa macho, na mkono wake ndio ulioinuka kwanza kukubali. Fungu likapita, na tabibu, na gari! Consolata alininyanyua juu kama mtoto, tukaimba kutoka ukumbini hadi sokoni, na wauzaji wakatupokea kwa vigelegele.

Ouko alirudi kwake. Aliirudia pombe mara moja, akaenda kwa Sospeter kwa miguu yake mwenyewe, na tangu hapo hajagusa glasi. Wapo tuliowapoteza pia, sifichi. Lakini wengi walirudi kwa wake zao kwa gari lile.

Mwanangu, ukiwa na mlevi nyumbani, mwombee, lakini mpeleke kwa tabibu kabla hujamnyang'anya glasi. Usimfanye mgonjwa kuwa cheti chako cha kuonyesha watu. Na ukikosea, simama useme mwenyewe, hata kama kazi yako yote inategemea kunyamaza. Nenda na baraka zangu: Mungu akupe miguu ya kuwafuata walioachwa, na watu wa kusimama nawe ulimi ukikauka.

Jioni ya siku ile ya baraza, nyumbani tulikula ugali wa mtama na omena, dagaa wa ziwani, wa kukaanga kwa nyanya, na mume wangu akaniongezea sahani bila kuuliza.