Dawa ya Mchwa Magotini Mwangu

Kama aibu ingekuwa inaua, mimi ningekuwa nimezikwa Kiranjeranje tangu enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na sisi ambao shuleni tuliishia kuandika jina tukajenga nyumba za bati. Nilikuwa na mikorosho, nilikuwa na duka, nauza sabuni, mitumba na vidonge vya rangi mbili (kila mwenye duka aliuza dawa siku hizo, msinitazame hivyo), na sikuwa nasikiliza mtu.

Sasa, magoti. Asubuhi yanaamka yamevimba, yana moto, vidole navyo vimekakamaa hata fundo la khanga nalikaza kwa meno, na uchovu kama nimelima usiku kucha. Miaka na miaka. Nikasema baridi yabisi tu hii, nikaendelea na kazi. Daktari wa zahanati aliniita nipimwe, nikamwambia mimi si mvivu.

Mjukuu wangu Zuhura alipoposwa, somo wake, wa kumfunda, nikawa mimi. Na somo kwetu, siku ya kumtoa mwali, lazima acheze mbele ya wakwe, ashuke mpaka magoti yaguse mkeka, kisha ainuke anatikisika bila kushikwa na mtu. Asiyeweza anampisha mwingine. Na mwingine alikuwepo tayari, Bi Esha, mke mwenzangu wa zamani (mume alituacha sote wawili akaenda kuoa Nachingwea, tukabaki na ushindani bila mume). Akaja dukani kumejaa watu.

"Mwenzangu, magoti hayo kama maboga, ukishuka nani atakupandisha? Niachie mimi mwali."

"Labda nife."

"Usife, shoga. Kaa tu pembeni upige makofi."

Jioni ya kuamkia ngoma nikawa uani nakaanga korosho, nimekinga kikopo cha yale mafuta meusi ya maganda. Mafuta hayo tunapaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa, na wenye ujasiri wanapaka magaga ya miguu. Nikawaza, kinachomshinda mchwa kitashindwa na goti? Nikapaka yote mawili, nikafunga vitambaa. Ikawasha. Nikasema ahaa, inafanya kazi. Alfajiri ikaunguza. Nikaongeza.

Wakwe walitoka Kilwa Masoko, wanawake tupu, wamejaa mikeka yote, wananukia udi. Msondo ukalia, nikaingia. Kushuka nilishuka vizuri, vigelegele vikapasua bati, lakini magoti yalipogusa mkeka malengelenge yakapasuka nayo, nikaruka juu na ukelele, mikono hewani, nikazunguka, nikajipiga mapaja, nikalala, nikainuka, nikalala tena, na wale wanawake wakadhani ndiyo ngoma yenyewe! Mpiga msondo (mjinga yule) akakaza mwendo.

"Maji!" nikalia. "Nipeni maji!"

Shangazi wa bwana harusi akasimama. "Mwacheni, amepandisha! Huyo ni ruhani wa baharini, anadai maji yake. Leteni ubani upesi!"

"Sina ruhani!"

"Ruhani wote husema hivyohivyo."

Wakaleta chetezo, makaa mekundu kabisa, wakakiweka wapi? Karibu na magoti yangu.

Aliyeniokoa ni Bi Esha. Akainama, akanusa, akanipandisha khanga mbele ya wakwe wote. "Huyu hana ruhani, ana korosho! Amejipaka dawa ya mchwa!" Nakwambieni walicheka mpaka mpiga msondo akaanguka na msondo wake.

Nikapakiwa kwenye mkokoteni wa magunia ya korosho, miguu imenyooka mbele, tukapita katikati ya soko, na wanaume pale barazani wakauliza, "Mzigo huo mnaupeleka kwa mnunuzi gani?"

Daktari yuleyule wa zahanati, kijana mpole, akasema shikamoo, nikasema marahaba, zima moto. Akaniosha kwa maji mengi na sabuni, akanifunga, kisha akabonyeza vidole vyangu kimoja kimoja.

"Bibi, ukisafisha shamba unachoma majani?"

"Nachoma. Mimi si mgeni wa shamba."

"Na ule moto ukiuacha?"

"Unapanda kwenye mikorosho."

"Basi. Mwili ukiumia unawasha moto wake ili ujisafishe, ndio huo uvimbe na joto. Kidonda kikipona moto unazimika. Wako umewaka wenyewe, hauzimiki, unakula viungo, na ukiachwa unaweza kufika hata moyoni. Tena ugonjwa huu unawapata zaidi wanawake, na hausubiri uzee. Utakwenda Lindi, hospitali kubwa."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuita, bibi. Ukanijibu wewe si mvivu."

Ngoma aliimalizia Bi Esha, wakwe wakaridhika (hilo liliniuma kuliko magoti). Lakini Zuhura aligoma kupanda gari la bwana harusi kabla hajaniona. Akaja zahanati amejifunika gubigubi, ananukia liwa, akakaa kitandani kwangu akisema, "Bibi, somo wangu ni wewe. Nifunde."

Nikamshika mkono nianze kusema habari za mume. Akaruka kama nimemchoma. Nikafunua khanga. Vifundo vya vidole vimevimba, vina joto, vilevile kama vyangu.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Asubuhi tu, bibi. Niliogopa utaniita mvivu."

Mimi! Nje dereva wa wakwe akaanza kupiga honi, shangazi anaita mwali achelewe vipi na jua linazama, nami nikamwita daktari nikamwambia aache magoti yangu, atazame mikono ya mtoto huyu, amwandikie Lindi pamoja na mimi. Honi ikalia tena. Nikapaza sauti kutoka kitandani, "Ngojeni huko! Mwali bado anafundwa!"

Ya mume akafundishwa na Bi Esha, mimi nilimfunda hilo moja tu: kiungo kikivimba usikifiche, hata kwa bibi yako. Na mafuta ya maganda, wallahi, tangu siku ile nayapaka nguzo tu.