Kobe, Mabati na Jani la Sale

Niliondoka Moshi mjini kwenda Uru kwa sababu moja: nilitaka silinda na pistoni pana za Mzee Aloisi, kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kuagiza mpya. Kobe wangu ni gari dogo la zamani. Injini yake iko nyuma, haina rejeta, hupozwa na feni tu. Kwenye tambarare ananyooka vizuri, lakini mlimani ananiaibisha. Mimi ni fundi, binti wa fundi, na aibu ya gari langu ni aibu ya gereji nzima.

Tatizo ni kwamba Mzee Aloisi na baba yangu walikuwa hawasemezani. Zamani mzee naye alikuwa na kobe kama wangu, na baba aliivua injini yake mabati yanayoifunika, akidai yanazuia hewa. Injini ikaungua kwenye mwinuko wa kwanza. Baba, ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe, akasema oili ndiyo ilikuwa mbovu, nami nilimwamini.

Saa mbili asubuhi nilipita Hospitali ya Mawenzi nikiimba. Barabara ilipoanza kupanda kati ya migomba, wimbo ukaniishia. Kobe alinuka oili ya moto, na kwenye daraja dogo kabla ya kijiji akazimika. Nikingoja apoe, nilichuma jani la sale kwenye ua wa majani uliozunguka shamba la karibu. Huku mlimani ukimpelekea mtu sale unamwomba msamaha, na ni vigumu sana kukataliwa.

Saa nne nilimkuta Mzee Aloisi kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba yake, akimkatia ng'ombe wake mgomba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe si binti wa Fundi Saidi?"

Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Hakulipokea.

"Binti, wewe umenikosea nini? Sale huleta yule aliyekosa. Njoo unywe mtori kwanza."

Baada ya mtori, supu nzito ya ndizi, alifungua nyuma ya gari langu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Fundi Saidi bado anavua mabati! Binti, feni inapuliza, sawa, lakini bila bati upepo unatawanyika tu. Bati ndilo linaloupeleka kwenye silinda."

Iliniuma, maana nilikuwa nimeshawavulia wateja watatu mabati yao, tena kwa majigambo.

Mabati ya mzee yalikuwa bandani, yamegeuzwa kiota. Alimfukuza kuku bila huruma. Kisha akatoa gunia lenye silinda na pistoni alizonunua baada ya injini yake kuungua, akakata tamaa kabla ya kuzifunga.

"Nikupe nini, baba?"

"Mlete baba yako. Kwa gari hili hili."

Nilirudi mjini taratibu, mteremko ukinisaidia. Kwa siku nne nilifunga silinda, nikanyoosha mabati kwa nyundo, nikaziba nyufa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Baba alikuja, akayatazama mabati, akaondoka bila kuniambia niyavue. Kwa baba, hilo ni jambo kubwa.

Jumamosi nikamwambia, "Baba, panda, tukajaribu injini Uru."

Alipanda, nami nikajua amenielewa.

Safari hii kobe alipanda kwa gia ya tatu mahali nilipokuwa nikihangaika na ya kwanza. Hakunuka chochote. Nilifurahi kama mtoto. Tulipofika kwenye lile daraja baba akasema, "Simama."

"Injini haina shida, baba."

"Najua. Ndiyo maana nasema simama."

Nilidhani anataka kurudi nyumbani. Alishuka, akaenda kwenye ule ua, akapekua majani taratibu kama mtu anayechagua spana.

Kwenye gereji nimejifunza kutovua kitu nisichojua kazi yake. La pili, kwamba sale huletwa na aliyekosa mwenyewe, nilijifunza kihambani, Mzee Aloisi alipolipokea jani la baba kwa mikono miwili.

"Karibu, fundi," alisema. "Umechelewa. Mtori umepoa."