Divai ya Padre na Ubavu wa Mbuzi

Mwenye shamba la mizabibu hapa Ufaransa amenifungulia chupa nionje, na harufu yake imenirudisha kijijini kwetu Gare, jikoni kwa bibi, enzi za Mwingereza.

Padre Mfaransa alimletea bibi divai ya kijijini kwao, chupa pekee aliyobaki nayo, akitamani sana aipende.

"Onja wewe kwanza," bibi alisema. Kwetu mwenye pombe ndiye huanza.

Padre akacheka, akanywa. Bibi akafuata, akakunja uso.

"Mbona chachu, Padre! Kwenu mnainywa tupu?"

"Kwa nyama, mama," akajibu kwa unyonge.

"Si ungesema!"

Bibi akatoa motoni ubavu wa mbuzi, akatafuna, akanywa tena. Kisha akasogeza kikombe kijazwe.

Padre akavua viatu, akavuta kigoda karibu na moto.