Ufagio Ndege Ikiwa Njiani

Nyumba ya Othmani Mfaume, pembezoni mwa Kilindoni, ilikuwa na mwiko: msafiri akiondoka, ua haufagiwi mpaka awe amefika aendako, asije akafagiliwa mbali asirudi tena. Kwa chombo cha Dar es Salaam walihesabu siku mbili. Lakini mwaka 1966 Abeid, mwana wao wa pekee, alipelekwa na serikali kusomea uhandisi Mosko. Kwa ndege, nani ajuaye hesabu yake?

Othmani alijua. Alikuwa mwangalizi wa kiwanja cha ndege, mtu wa kanzu safi hata akifukuza mbuzi. Alimwuliza rubani mmoja, akaandika: maili elfu nne na mia tatu, mwendo wa maili mia tano kwa saa. Jumla ikawa saa tisa, akaongeza moja ya tahadhari.

"Shemeji," jirani yao Mwanahalima alimtania asubuhi baada ya ndege kuondoka, "huyo mtoto hafiki tu? Majani yenu yanahamia kwangu!"

"Amefika tangu jana," Othmani akajibu kwa fahari, akamgeukia mkewe. "Biubwa, fagia."

Akaenda kazini. Adhuhuri aliukuta ua mweupe, umejaa michirizi ya ufagio.

Mwezi uliofuata barua ya Abeid ikaja. Ndege iliharibika Khartoum, wakalala huko siku mbili. Othmani alimsomea mkewe barua yote, mistari ile akairuka. Masika yalipokwisha ikaja simu ya maandishi: Abeid amekufa kwa kichomi, amezikwa hukohuko.

Wako waliosema pombe ndiyo iliyomwua. Uongo mtupu. Wanafunzi wenzake Waislamu walimkosha na kumsalia, na barua yao imehifadhiwa hadi leo. Khitma yake ilisomwa siku tatu, wala hakuna aliyeondoka na njaa.

Ila Othmani hakusumbuliwa na maneno ya watu. Kila alfajiri, akiwa juu ya msala, alisikia ufagio uani: chwa, chwa, chwa. Akigeuka, Biubwa yuko nyuma yake, amesujudu.

Miaka minane alinyamaza. Mwaka 1974 walipotakiwa kuhamia kijiji kipya, lori likiwa limeshapakiwa, alishindwa kuvuka kizingiti.

"Biubwa, nilikosea hesabu. Mtoto alikuwa bado njiani. Mimi ndiye niliyekuamrisha ufagie."

Biubwa aliweka mkeka chini.

"Sikufagia, baba Abeid. Niliushika ule ufagio, moyo ukakataa. Nikaenda kisimani. Niliporudi ua ulikuwa safi, nikadhani umefagia wewe. Na mimi nimekuficha hilo miaka yote hii."

"Mimi nilikuwa kiwanjani."

"Basi Mwanahalima?"

"Mwanahalima nilifuatana naye mpaka sokoni, na adhuhuri tukarudi pamoja."

Dereva akapiga honi. Biubwa akakunja mkeka wa mwisho, akamtia mumewe mkononi.

"Chukua. Watu wanatungoja."

Walipanda wakakaa wima, kama watu wa heshima zao. Lori lilipoanza kusogea, ua wa nyumba ile tupu ukaanza kufagiwa. Wote wawili walisikia. Hakuna aliyegeuka.