Mupepo Iko?

Juma hili baridi imeingia Johannesburg kwa kishindo, ile inayokufanya uvae soksi mbili na bado usivihisi vidole vyako. Jana nilinunua hita ya gesi, ile ya magurudumu yenye mtungi mgongoni, nikaikokota ngazi zote hadi chumbani kwetu hapa Troyeville, ninakoishi na mdogo wangu. Kabla sijaiwasha nikaenda kufungua dirisha kidogo, kiasi cha kupitisha vidole. Mkono ukiwa bado kwenye komeo, nikajikuta nacheka peke yangu. Wewe unayenijua utasema nimeanza kuchanganyikiwa. Ngoja nikusimulie, kisha uamue mwenyewe.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Tulikaa La Rochelle, kusini mwa jiji hili hili, katika nyumba ya zamani yenye paa la bati na dari ya juu, kila chumba na wapangaji wake. Mama alisuka nywele saluni moja ya Rosettenville, baba alikuwa mlinzi Sandton, kwa hiyo aliyetulea hasa ni nyanya yetu, aliyetoka Lubumbashi. Huko kwao nyanya ni Kambo, na sisi hatukuwahi kumwita vinginevyo.

Bahati yetu ni kwamba tulipangishwa sebule, na sebule ndiyo iliyokuwa na moto. Hita ya gesi ilikuwa imepachikwa ndani ya meko ya zamani ukutani, mtungi wake nje, bomba lake la moshi likipanda kwenye dohani mpaka juu ya paa. Ukiiwasha ilisema puu! kisha ikaanza kunguruma polepole kama paka aliyeshiba. Tulimenya nachi, yale machenza madogo ya majira ya baridi, tukapanga maganda juu ya hita mpaka nyumba nzima inukie. Jioni wapangaji wote waligeuka ndugu zetu. Kila mmoja aliingia na kikombe chake, Kambo akagawa karanga za kukaanga, na kama kulibaki bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, hakuna aliyetoka na njaa. Sijawahi tena kukaa mahali penye raha kama pale.

Mgeni wa kila siku alikuwa jirani wa chumba cha nyuma, mshonaji kutoka Tanzania, mlokole wa kweli kweli, mwenye sauti isiyohitaji spika. Akiingia alipiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo, mama." Kambo, ambaye marahaba hakuijua, alijibu, "Aksanti, mwanangu," na wote wawili wakaridhika kabisa.

Adui mkubwa wa Kambo alikuwa upepo. Kwa Kiswahili cha Lubumbashi upepo huitwa mupepo, hewa nayo ni mupepo huo huo, na kutwa nzima tulisikia, "Bana, mufunge mulango! Mupepo inaingia!" Aliviringisha blanketi chini ya mlango. Akaziba nyufa za madirisha kwa magazeti. Halafu siku moja akaona, juu karibu na dari, tofali lenye matundu ambalo waliojenga nyumba waliliweka makusudi. Machoni pake ulikuwa uzembe wa fundi. Akapanda kiti, akayashindilia matundu yale kitenge chake kikuukuu chenye maua, akashuka na uso wa mtu aliyeshinda vita.

Chumba kikawa na joto tamu ajabu. Na hapo ndipo vichwa vilipoanza kuuma. Mimi na mdogo wangu tulisinzia juu ya madaftari kabla hata ya chakula. Kambo aliumwa kichwa kila jioni hadi kichefuchefu, lakini asubuhi akiota jua kwenye varanda anakuwa mzima kabisa. Vioo vya madirisha vilitoka jasho, moto uliokuwa wa bluu ukawa wa njano, na ukuta juu ya meko ukaanza kushika masizi. Yote hayo tuliyaona, na hatukuelewa lolote. Kambo alikuwa na maelezo yake: upepo wa mji huu umemwingia kichwani. Basi akazidi kuziba, na vichwa vikazidi kuuma.

Mwishowe akatoa sanduku lake chini ya kitanda. "Mi narudia kwetu," akasema. "Hii muji itaniua." Baba akaanza kuulizia basi la Lubumbashi. Nililia, sikufichi. Nilimpenda Kambo kuliko mtu yeyote, na sikuweza kuifikiria sebule ile bila yeye. Mdogo wangu, aliyezaliwa hapa hapa, ambaye Kiswahili alikisikia vizuri lakini alijibu kwa Kizulu, alipanda juu ya sanduku akakataa kushuka.

Jirani aliposikia akaja mbio. "Mama, unatuacha? Tumekukosea nini?"

"Hapana, mwanangu. Ni kichwa. Mu kichwa yangu muliingia mupepo."

Ungeuona uso wake! Kwao Tanzania pepo si upepo, pepo ni shetani. "Pepo? Tangu lini, mama?"

"Tangu baridi ilianza. Mupepo ya hii nyumba iko mubaya sana."

"Hayatoboi mapepo haya," jirani akasema, akikunja mikono ya sweta. "Leo leo yanatoka!"

Akafungua mlango na madirisha yote wazi, ili mapepo yapate pa kupitia, akaanza kuomba. Alikemea, akapiga makofi, akayaamuru yaondoke na yasiangalie nyuma. Sisi tuliobaki tulitetemeka kwa baridi huku tukiitikia. Kambo, aliyedhani anaombewa baridi ipungue, alisema amina kwa moyo wote. Na amini usiamini, haukupita muda kichwa kikamwachia! Akainuka akacheza, jirani akajifuta jasho kwa leso, tukapiga vigelegele hadi barabarani.

Jioni iliyofuata tukafunga kila kitu, tukarudisha blanketi mahali pake, tukawasha moto. Kichwa kikarudi.

"Yamerudi na wenzake," jirani akatangaza, na safari hii akaanza kukemea kabla hata ya kugusa dirisha. Kelele zikamtoa mwenye nyumba, mama mjane wa Kireno aliyeishi kijumba cha uani. Aliingia na aproni yake na ndara, amekuja kugomba. Lakini alipouona ule moto wa njano, ugomvi ukamtoka kichwani. Aliizima hita, akafungua mlango na madirisha, kisha akatazama juu na kukiona kitenge.

"Eish!" akasema, akakichomoa kwa mpini wa ufagio.

Kisha akamwaga Kiingereza cha haraka, akinionyesha tofali, hita, dohani. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba. Nilielewa kwamba moto ule unakula hewa ya chumbani, na moshi wake unapandishwa na dohani. Ukiunyima hewa hauwaki vizuri, dohani nayo haivuti, na sumu isiyo na harufu inarudi humo humo mlimokaa. Watu hulala wasiamke, alisema. Niliogopa. Nikatafuta neno la hewa ambalo Kambo angelielewa upesi, na nilijua moja tu.

"Kambo, anasema moto inaomba mupepo."

"Moto unaomba mapepo?" Jirani alipiga yowe akarukia nyuma ya kiti.

Nikamfuata, nikampulizia usoni kwa nguvu. "Hii! Mupepo ni hii!"

Kambo akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Sasa weye ulikuwa unaombea nini?"

"Nayafukuza mapepo, mama!"

"Na mi nilizani unafukuza baridi!"

Mwenye nyumba, ambaye hakuelewa hata neno moja, naye akacheka mpaka akavua miwani.

Alitukataza kuwasha mpaka fundi wa gesi apite. Kesho yake fundi akaja, akatoa kiota cha ndege kwenye dohani, akakagua bomba lote, kisha akawasha hita na kusogeza njiti ya kiberiti iliyozimwa karibu na mdomo wa meko. Ule moshi mwembamba ukajikunja na kuvutwa juu. Moto ukarudi kuwa wa bluu. Kambo alingoja jioni kadhaa aone kama kichwa kitauma. Hakikuuma. Akalifungua sanduku na kuzirudisha nguo zake kabatini moja moja, mdogo wangu akimpokelea.

Jirani hakukubali kushindwa hata siku moja. "Nani alifungua madirisha?" aliuliza kila alipotaniwa.

Toka hapo hatukuwasha moto kimyakimya. Mtu alimnyanyua mdogo wangu juu ya mabega, naye akaweka kiganja mbele ya tofali lenye matundu. Kambo akauliza kutoka kitini, "Mupepo iko?" Naye akapaza sauti, "Iko!" Hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilokubali kulisema, na alilisema kama mkubwa wa nyumba. Tukawasha.

Nyumba ile iliuzwa, na meko nasikia yamezibwa kwa matofali. Jirani alirudi kwao na cherehani yake. Kambo naye alirudi Lubumbashi miaka ya baadaye, kwa hiari yake, na huko ndiko alikozikwa. Namkumbuka sana majira haya yakifika. Hata nachi nikimenya leo, maganda nayatupa tu.

Jana jioni mdogo wangu aliingia kutoka chuoni, mrefu kunizidi, vipokea sauti masikioni, akalalamika kwa Kiingereza kwamba nimeacha dirisha wazi kwenye baridi yote hii. Nilichuchumaa mbele ya hita, nikauliza tu, "Mupepo iko?"

Alisimama. Akavua vile vya masikioni, akaenda dirishani, akanyoosha kiganja kwenye ule uwazi na kukiacha hapo kwa muda.

"Iko, Kambo," akasema.

Nikawasha.