Nilimwambia baba ndege wake wanacheza tu

Leo nimemkosea baba yangu vibaya.

Tangu apate kiharusi, maneno yanamtoka kwa shida. Nilimnunulia ndege wadogo watatu weupe, finchi, wa kumchangamsha hapa Voi. Muuzaji aliniapia wote ni majike.

Wiki nzima baba ananyooshea tundu kidole. "Wa... wanapigana."

"Wanacheza tu, baba," namjibu, macho kwa simu.

(Nisemeni tu. Nastahili.)

Asubuhi nimekuta mmoja amelala chini ndani ya tundu, mgongo umenyonyolewa hadi damu.

Nikamwita jirani anayefuga ndege. Akaangalia midomo.

"Weupe unawajua kwa mdomo. Hawa wawili wenye mdomo mwekundu kabisa ni madume. Huyu aliyeumia, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, ni jike. Wamekuwa wakimgombania."

Tumemtenga jike. Anapumua, lakini hali chakula.

Nikapiga magoti mbele ya baba. "Uliniambia, nikapuuza. Nisamehe."

Akatikisa kichwa, akageukia ukutani.

Mchana chai imemmwagikia pajani. Hakuniita. Nimejua nilipoona suruali imelowa.

Mwenye mzazi kama wangu, niambie: nifanyeje aniite tena?