Nilivyowafikisha Uduvi Karen

Nilifunga safari hii kwa sababu ya simu ya Mama Ciku. Ndiye aliyeniajiri nimtunzie tangi la maji ya bahari nyumbani kwake Karen. Alinipigia Jumapili nikitoka kanisani.

"Nekesa, humu ndani sioni kitu inatembea. Hao wengine unaleta wakikufa, mimi nafunga hii tanki."

Tangi lilikuwa la marehemu mumewe, na kulitazama likiwa tupu kulimuumiza. Mimi nami sikuwa na kazi nyingine. Chakula cha mchana kilinishinda.

Jumatatu asubuhi niliondoka nyumbani Mutuini ukungu ukiwa bado shambani. Mwanaidi, rafiki yangu wa Mombasa, alikuwa amenitumia uduvi kwa basi la usiku. Si wale wa kukaanga. Hawa ni wadogo kama punje ya mchele, huishi kwenye nyasi za bahari na kufanana nazo ili samaki wasiwaone. Aliniambia kwenye simu kwamba kila mmoja hutafuta jani la rangi yake akaling'ang'ania. Niliitikia tu, huku nikiwaza kama basi limefika.

Mjini, kwenye ofisi ya mizigo, dada wa kaunta aliugeuzageuza mtungi wangu wa plastiki angavu, uliotoka kwa Mwanaidi.

"Madam, hii ni maji na majani tu. Uko sure hakuna kitu ilimwagika?"

Niliuinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna kilichotikisika. Mwanaidi hawezi kunitumia maji matupu, kwa hiyo nikajua wamekufa njiani. Hata hivyo niliuviringisha mtungi kwa leso mbichi, maana jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Nilipanda matatu ya Karen, na Ngong Road magari yalisimama. Nilipapasa mtungi kila mara kama mtu anayepima homa ya mtoto. Abiria wa kando akaniuliza kama nimebeba maziwa. Nikamwambia ndiyo, kwa kuwa sikuwa na nguvu za kueleza. Kisha nikafumba macho nikaomba. Nimewahi kuombea wagonjwa na mitihani, lakini mtungi ilikuwa mara ya kwanza.

Karen, Mama Ciku alinipokea mlangoni.

"Wako wapi?"

"Wako kwa majani, Mama," nikasema, wala sikuamini.

Tulimimina kila kitu kwenye beseni, mezani jikoni. Majani mengi yalikuwa ya kahawia, yamechakaa, na jani likioza ndani ya tangi huharibu maji. Ilibidi yatolewe. Basi tukafanya ambavyo wanawake wawili wangefanya wakiwekewa beseni la majani: tukavuta viti, tukachambua. Mabichi tuliyatia kwenye bakuli la maji ya tangi. Yaliyochakaa tuliyatupia kwenye sufuria yenye maji kidogo ya beseni, yasichafue meza. Yeye akanieleza anavyopika mboga za managu, mimi nikamweleza mrenda wa kwetu Kakamega. Mikono ilijiendea yenyewe.

Tulipomaliza, beseni lilikuwa na maji matupu. Kwenye bakuli tuliona majani mazuri ya kijani, basi. Mama Ciku akachukua sufuria.

"Si kitu. Tumejaribu. Wacha nimwagie maua."

"Chumvi itaua maua, Mama. Lete nimwage kwa sinki."

Niliinamisha sufuria, maji yakaanza kwenda. Jani moja la kahawia, lililochakaa kuliko yote, likaruka kinyumenyume likarudi ndani ya sufuria.

Nilipiga yowe. Jani lile lilikuwa na macho mawili meusi. La kando yake nalo lilikuwa na macho. Tulirudi kwenye bakuli, sasa tukijua tunatafuta nini, tukaona wengine wa kijani wamejinyoosha juu ya majani ya kijani. Mmoja nilimwona akitumbukia na maji ya sinki, na bado naumia nikimkumbuka.

"Ai, Nekesa!" Mama Ciku alijishika kichwa. "Kumbe tulikuwa tunatupa mboga yenyewe!"

Tuliwatia tangini pamoja na majani yao makuukuu machache tu, wapate pa kushika. Hata hatujapangusa mikono, wakapotea.

"Sasa nitajuaje wako?"

"Hutajua, Mama. Ni mpaka nikuje niangalie."

"Basi ukuje Alhamisi."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba bado nina kazi.

Nilirudi Mutuini jioni, nikaketi kuchambua sukuma wiki. Kila jani la manjano nililiinua kwanza dirishani. Nilikuwa nimefikiri kwamba anayejificha hutafuta mahali pazuri, palipofunikwa vizuri. Wale wadogo walijificha kwenye kile ambacho mkono wangu hutupa bila kuniuliza.

Simu ikalia. Nilipoona ni Mama Ciku, nikapokea jani likiwa bado mkononi.

"Nekesa, nimekaa hapa tangu uende. Sioni kitu inatembea."

Alikuwa anacheka.